Mfupa wa kichwa urudishwe lini? Swali ambalo wagonjwa huondoka nalo hospitalini

Ajali za bodaboda zimetuletea vijijini aina ya mgonjwa ambaye zamani hakuonekana sana. Amepona. Anatembea, anakula mwenyewe, pengine ameanza tena kukaa dukani au kuchunga. Lakini upande mmoja wa kichwa chake umebonyea kama debe lililogongwa, na akikohoa au akiinama ngozi ya pale inapanda na kushuka. Mfupa haupo. Uliondolewa usiku wa ajali ili kuokoa maisha yake, na mara nyingi ukimuuliza utarudishwa lini, anajibu kwamba aliambiwa arudi baadaye.

Hiyo "baadaye" ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo. Upasuaji wa kwanza, ule wa kuondoa mfupa, ni wa dharura, na watu wote hukimbia: gari la wagonjwa, daktari, ndugu wa kuchangia damu. Upasuaji wa pili, wa kuuziba uwazi ule, ni wa kupangiwa tarehe, na kwetu sisi tulio mbali na hospitali kubwa tarehe hiyo hupangwa na nauli, foleni na bei ya bamba kuliko inavyopangwa na hali ya ubongo. Madhara yake hayaonekani siku ya kwanza. Yanakuja polepole.

Kwa nini mfupa huondolewa

Fuvu la mtu mzima ni kama chungu kilichochomwa, halitanuki. Mguu ukiumia huvimba na ngozi ikavutika, basi. Ubongo ukivimba, au damu ikijikusanya ndani ya fuvu, hakuna nafasi ya kwenda. Mgandamizo unapanda, damu safi inashindwa kupenya, na sehemu za ubongo ambazo hazikuumia katika ajali zinaanza kufa kwa kukosa hewa. Dawa na mashine zikishindwa kuushusha mgandamizo huo, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo anaweza kukata kipande kikubwa cha fuvu na kukiacha nje, kisha anashona ngozi juu ya ubongo uliovimba. Kipande chenyewe si kidogo. Miongozo ya kitaalamu kwa majeraha ya ajali inataka kisipungue sentimita 12 kwa 15, yaani kukaribia kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Je, inasaidia? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, ukihusisha wagonjwa 408 kutoka nchi mbalimbali, uliwafuatilia watu ambao mgandamizo wa kichwani ulikataa kushuka kwa dawa. Baada ya miezi 6, kati ya kila wagonjwa 100 waliotibiwa kwa dawa peke yake, karibu 49 walikuwa wamefariki. Kwa walioondolewa mfupa, waliofariki walikuwa karibu 27. Hiyo ni tofauti kubwa ya uhai. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba miongoni mwa waliopasuliwa, wale waliobaki hai bila kujitambua kabisa walikuwa wengi zaidi: karibu 9 kati ya 100, dhidi ya 2 kwa upande wa dawa. Tunalisema hili kwa sababu ndugu hustahili kuambiwa mambo yote mawili pale korido ya hospitali wanapoombwa kutia sahihi.

Tofautisha hali hii na ile ya mfupa uliobonyea na kuinuliwa palepale. Wapenzi wa mpira wanamkumbuka kipa Petr Čech wa Chelsea, aliyegongwa na goti mwezi Oktoba 2006, fuvu likapasuka na kuingia ndani. Alifanyiwa upasuaji, akarudi langoni Januari 2007 akiwa amevaa ile kofia laini iliyomfuata hadi alipostaafu. Pale mfupa ulirekebishwa mara moja. Mgonjwa tunayemzungumzia hapa ni yule ambaye ubongo wake ulivimba kiasi kwamba kuurudisha mfupa siku ileile kungemuua.

Kuna habari nyingine ya mwaka 2023 ambayo tunaona inaigusa moja kwa moja nchi zenye hospitali chache za rufaa. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa waliokuwa na damu iliyojikusanya juu ya ubongo baada ya kuumia: kundi moja lilirudishiwa mfupa palepale baada ya damu kutolewa, jingine likaachwa bila mfupa. Waliohusishwa ni wale tu ambao daktari, akiwa ameshafungua, aliona ubongo wao unaruhusu njia zote mbili. Baada ya mwaka mmoja, hali za makundi hayo hazikutofautiana sana. Waliorudishiwa mfupa walilazimika kufunguliwa tena ndani ya wiki 2 mara nyingi zaidi, karibu 15 kati ya 100 dhidi ya 7. Walioachwa bila mfupa walipata zaidi matatizo ya kidonda, karibu 12 kati ya 100 dhidi ya 4. Kwa mgonjwa wa mjini, aliye dakika 20 kutoka hospitali, hesabu hiyo inaweza kwenda upande wowote. Kwa mtu wa kijijini ambaye upasuaji wa pili unamaanisha safari ya siku nzima na kuuza ng'ombe, mfupa unaoweza kurudishwa salama siku ileile ni bora urudishwe. Hatusemi daktari alazimishwe. Ubongo uliovimba hausikilizi maombi ya ndugu.

Mfupa unakaa wapi

Ukimuuguza mtu aliyeumia kichwa na ukaona kovu jipya tumboni mwake, usishtuke kabla ya kuuliza. Njia moja ya kutunza kipande cha fuvu ni kukiweka chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe, kwenye mafuta. Pale hakiozi, hakipotei, hakihitaji umeme, na mgonjwa anatembea nacho popote aendapo. Njia nyingine ni kukihifadhi hospitalini kwenye friji maalumu lenye baridi kali sana, mara nyingi kufikia nyuzi 80 chini ya sifuri. Friji hilo linataka umeme usiokatika na rejista inayotunzwa vizuri. Wakati mwingine mfupa hautunzwi kabisa: umevunjika vipande vipande, umechafuliwa na udongo wa barabarani, au hospitali haina pa kuuweka.

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza bila kujua. Mfupa wa mgonjwa mwenyewe haununuliwi. Bamba la titani lililotengenezwa kwa kipimo cha kichwa chake hununuliwa, na kwa bei inayoumiza. Katikati kuna saruji ya mifupa, aina ya plastiki ambayo daktari huikanda na kuiumba palepale kwenye meza ya upasuaji, nayo ni nafuu kuliko titani. Kadiri mgonjwa anavyochelewa, ndivyo mfupa wake unavyoweza kuwa umepitiliza muda wa kutunzwa frijini, au umeanza kuliwa na mwili kule tumboni ukawa mwembamba na kutoboka, usitoshe tena. Aliyechelewa kwa kukosa nauli anaambiwa alete fedha za bamba.

Kukaa muda mrefu bila mfupa

Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya, hudhani kuziba fuvu ni suala la sura tu. Sura nayo ina uzito wake, hasa kwa kijana anayetafuta mchumba au kazi. Lakini kuna zaidi ya hapo. Mwaka 1939 madaktari wawili wa Marekani, Grant na Norcross, waliandika juu ya wagonjwa wenye uwazi kwenye fuvu waliokuwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, hofu na kushuka moyo, na dalili hizo zikapungua uwazi ulipozibwa. Tangu hapo imejulikana vizuri zaidi. Uvimbe wa ubongo ukiisha, ngozi huzama ndani, na uzito wa hewa ya nje unaukandamiza ubongo pale pasipo na ngao. Damu na maji yanayouzunguka ubongo hayapiti kama kawaida.

Dalili zake zinadanganya. Mgonjwa aliyekuwa anaendelea vizuri kwa wiki kadhaa anaanza kurudi nyuma: mkono uliokuwa umepata nguvu unalegea tena, maneno yanampotea, anasahau, anakuwa mkali au mnyamavu kuliko kawaida yake. Akisimama kichwa kinauma, akilala kinapoa. Nyumbani watu wanasema amekata tamaa, au amerogwa, au ni uvivu. Yapo matukio mengi yaliyoandikwa na madaktari ambapo mgonjwa wa namna hiyo alirudishiwa mfupa na ndani ya siku au wiki chache akaanza kuongea na kutembea vizuri zaidi. Si wote wanaopata nafuu hiyo, maana sehemu ya ubongo iliyokufa siku ya ajali hairudi. Ila mtu anayerudi nyuma baada ya kupata nafuu, na kichwa chake kimezama, anatakiwa aonwe na bingwa mapema, asisubiri tarehe ya mbali.

Msikilizaji kutoka upande wa Kisii anaweza kutupinga kwa haki kabisa. Wapasuaji wa jadi wa Abagusii walikuwa wakifungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa na kukwangua mfupa, kazi iliyoandikwa na watafiti wengi katika karne ya 20, na hawakuziba kitu. Watu waliishi. Jibu letu ni kwamba uwazi wao kwa kawaida ulikuwa mdogo ukilinganisha na kiganja kizima kinachoondolewa leo, na ubongo chini yake haukuwa umevimba kwa kiasi hiki. Ni tofauti ya tundu na dirisha.

Mapema ni lini?

Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kusubiri miezi 3 hadi 6, au zaidi. Sababu zilikuwa za busara: uvimbe uishe, kidonda kikauke, vijidudu vya ajali viondoke kabla ya kuweka kitu kigumu ndani. Siku hizi mkutano wa kimataifa wa wataalamu umeligawa suala la muda katika madaraja: ndani ya wiki 6 ni mapema mno, kuanzia wiki 6 hadi miezi 3 ni mapema, miezi 3 hadi 6 ni katikati, kupita hapo ni kuchelewa. Madaraja hayo yaliwekwa ili madaktari wanapolinganisha kazi zao wawe wanazungumza lugha moja, kwa maana zamani "mapema" ya huyu ilikuwa "kuchelewa" kwa yule.

Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaelekea upande huu: wanaorudishiwa mfupa ndani ya miezi 3 huelekea kupata nafuu zaidi ya ubongo kuliko wanaosubiri, na hofu ya zamani kwamba kuwahi lazima kulete maambukizi haijathibitika wazi. Kwa upande mwingine, baadhi ya tafiti ziliona tatizo la maji kujaa ndani ya ubongo likiwa kubwa zaidi kwa waliowahishwa. Na lipo jambo moja ambalo mara nyingi husahaulika habari za namna hii zinapotangazwa. Tafiti nyingi kati ya hizo zilitazama mafaili ya zamani. Wagonjwa waliowahi huenda waliwahi kwa sababu walikuwa na afya bora tangu mwanzo, na waliochelewa walichelewa kwa sababu walikuwa na vidonda, homa au walikuwa bado hawajitambui. Huwezi kuwashindanisha wawili hao kama mbio za shule.

Msimamo wetu, baada ya kulipima jambo hili, ni kwamba miezi 3 ichukuliwe kuwa alama ya kuuliza swali. Mgonjwa ambaye kidonda kimepona, hana homa, ngozi ya pale ni laini na haijavimba kuelekea nje, hana sababu ya kuambiwa "rudi mwakani". Asipopangiwa tarehe, ndugu waulize ni nini kinachosubiriwa. Jibu likiwa ni la kitabibu, wasubiri kwa moyo mkunjufu. Likiwa ni la foleni au la fedha, basi wajue hivyo, ili waanze kutafuta njia.

Na sababu za kitabibu zipo. Ngozi ikiwa imetuna badala ya kuzama, huenda ubongo bado umevimba au maji yamejaa, na maji hayo hushughulikiwa kwanza. Kidonda kilichowahi kutoa usaha hutaka kusubiri miezi kadhaa baada ya kupona kabisa. Mgonjwa mwenye vidonda vya kulalia, kifua kinachokwama au aliyekonda sana kwa kutokula vizuri hupona vibaya. Kumlisha vizuri na kumgeuza kitandani ni sehemu ya maandalizi ya upasuaji, ingawa hakuna anayelipwa kwa kazi hiyo.

Matatizo ya upasuaji wa pili

Kwa kuwa haufanywi kwa haraka, watu huuona upasuaji huu kuwa mdogo. Sivyo. Katika ripoti nyingi za hospitali, mgonjwa 1 kati ya 5, wakati mwingine hata 1 kati ya 3, hupata tatizo la namna fulani, dogo au kubwa. Damu inaweza kujikusanya chini ya mfupa siku za mwanzo. Degedege inaweza kutokea, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na kifafa, na ndiyo maana anayepewa vidonge vya kuzuia degedege hapaswi kuviacha kwa sababu anajisikia vizuri.

Kubwa kuliko yote ni maambukizi. Mfupa uliokaa nje ya mwili hauna damu inayopita ndani yake, wala bamba la titani halina. Vijidudu vikifika pale, dawa ya kwenye damu haivifikii vizuri. Mara nyingi inabidi mfupa utolewe tena, mgonjwa atibiwe, asubiri miezi mingine, kisha awekewe kitu cha kununua kwa sababu mfupa wake umeharibika. Maambukizi hayaji wiki ya kwanza tu. Kovu lililopona likianza kuwa jekundu, kutoa majimaji, au uzi na chuma kuonekana kwenye ngozi hata baada ya miezi, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Kupaka majani, mafuta au unga wa dawa ya vidonge juu ya kovu ni kuwafungulia vijidudu mlango.

Kwa watoto tatizo jingine hujitokeza. Mfupa wao wenyewe ukirudishwa, mwili wakati mwingine huula polepole hadi unabaki kama karatasi, na mzazi anaona kichwa kinabonyea tena baada ya mwaka au miwili. Mtoto aliyerudishiwa mfupa anatakiwa kufuatiliwa kliniki kwa muda mrefu kuliko mtu mzima, hata akiwa anakimbia na wenzake.

Kabla ya kuondoka hospitalini

Tunarudi kwenye ile "baadaye". Karatasi ya kuruhusiwa inatakiwa ieleze mambo ambayo ndugu wa kijijini anaweza kumwonyesha mganga wa zahanati: upande gani hauna mfupa, mfupa uko wapi, utatunzwa hadi lini, na tarehe ya kliniki ya kuamua upasuaji wa pili. Kama haikuandikwa, ombeni iandikwe kabla hamjapanda basi. Pigeni picha karatasi hiyo kwa simu na muitume kwa ndugu wawili, kwa sababu karatasi hulowa, na mgonjwa wa kichwa hupoteza vitu.

Kuhusu gharama, hali inabadilika nchi kwa nchi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya iliondoka kwenye NHIF na kuingia SHA kuanzia Oktoba 2024. Swali la kuuliza dirisha la bima ni hili: mnalipia upasuaji peke yake, au na bamba lenyewe? Wengi huuliza la kwanza na kukutana na la pili siku ya kulazwa. Hospitali za rufaa zina ofisi ya ustawi wa jamii, na huko ndiko anayeshindwa kulipa huanzia, akiwa na barua ya serikali ya kijiji au mtaa wake.

Wakati wa kusubiri, upande usio na mfupa ulindwe. Mgonjwa asilalie upande huo, asibebe mzigo kichwani, asipande mti wala ngazi, na watoto wa nyumbani waelezwe wasimrushie kitu. Kofia iliyowekwa sponji ngumu ndani husaidia anapotembea, kwa sababu wengi wao huyumba. Wanaowapenda huwarudisha nyumbani kwa bodaboda, jambo ambalo tunaelewa linavyotokea, lakini kama kuna namna yoyote ya kupata gari kwa siku ile moja, itafutwe. Kofia ngumu ya pikipiki iliyofungwa vizuri hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69 na hatari ya kifo kwa asilimia 42, ila hesabu hiyo ilifanywa kwa watu wenye fuvu zima.

Ngozi ya pale ikituna ghafla na kuwa ngumu, mgonjwa akatapika, akasinzia kupita kawaida au akapata degedege, asingojewe hadi asubuhi. Ikizama taratibu huku mtu akirudi nyuma katika kuongea au kutembea, mpigieni simu aliyewaruhusu hospitalini na mwombe tarehe isogezwe mbele. Namba hiyo nayo iandikwe kwenye ile karatasi.